NAOMBA KUJIBU: WAZIRI MBELE YA WABUNGE NA HESABU YA WAGALLA

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya haki na amani



Nimeombwa nizungumze juu ya saa ile ambayo waziri husimama Bungeni kujibu maswali ya wabunge kuhusu sehemu wanazotoka. Wengi wetu tumeizoea saa hiyo kama mchezo wa maneno. Mbunge huuliza ili asikike nyumbani, waziri hujibu ili aketi, na barabara hubaki na mashimo yake. Sitawakatalia kwamba mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Ila nina jambo moja ninalotaka tulishike leo: jibu la waziri ni hati. Likishanenwa mbele ya Spika, huandikwa katika kumbukumbu za Bunge, Hansard, na serikali iliyolitoa yaweza kudaiwa jibu hilo hata baada ya miaka 30. Nitalieleza jambo hili kwa mfano wa Wajir, maana huko jibu moja la waziri liligharimu watu wengi machozi, na huko pia tulijifunza kwamba jibu la uongo lina umri wake.

Kwanza tuelewe swali lenyewe lilivyojengwa. Katika Bunge letu la zamani, kabla ya Katiba ya 2010, mawaziri walikuwa wabunge, nao waliketi humo humo pamoja na waulizaji. Swali lilichapishwa katika ratiba ya shughuli za siku, likiwa na vipande. Kipande cha kwanza kilimwuliza waziri kama anafahamu kwamba watu wa mahali fulani hawana maji, au kwamba hospitali yao haina daktari. Kipande cha pili kiliuliza serikali inachukua hatua gani. Waziri, au Waziri Msaidizi wake, alisimama na karatasi iliyoandikwa na makarani wa wizara, akaanza kwa maneno yale yale ya kila siku: Bwana Spika, naomba kujibu.

Tazameni sasa mtego uliomo. Kumwuliza waziri kama anafahamu ni kumpa mlango wa kutokea. Alisema tu, "Sifahamu." Kisha akaongeza kwamba kwa sababu ya jibu la kipande cha kwanza, kipande cha pili hakina msingi. Akaketi. Ndivyo ukame mzima, au kijiji kizima kilichochomwa, kilivyoweza kuondolewa katika mazungumzo ya taifa kwa neno moja. Mbunge mwerevu alikuwa na dawa yake, nayo ni swali la nyongeza, ambalo waziri hakuliona mapema wala hakuandikiwa jibu lake. Msomaji wa Hansard atatambua kwamba ukweli mwingi uliowahi kutoka vinywani mwa mawaziri wetu ulitoka katika maswali hayo ya nyongeza, pale karatasi ilipokwisha.

Mlango wa pili wa kutokea ulikuwa ahadi isiyo na tarehe: serikali italishughulikia jambo hilo fedha zitakapopatikana. Kwa sehemu nyingi za nchi jibu hili lilimaanisha kuchelewa. Kwa Kaskazini lilimaanisha kitu kingine. Waraka wa Bunge nambari 10 wa 1965, uliokuwa mwongozo wa uchumi wa taifa changa, ulielekeza fedha za maendeleo zipelekwe mahali ambapo zingezaa mapato makubwa zaidi kwa haraka, yaani penye mvua, ardhi ya rutuba, reli na barabara tayari. Sehemu za ukame zingengoja neema imwagike kutoka kwingine. Basi mbunge wa Turkana, Marsabit au Mandera aliposimama kuulizia barabara, na waziri akamjibu kwamba fedha hazijapatikana, jibu lilificha uamuzi uliokwisha kufanywa zamani. Lami kutoka Isiolo hadi Moyale, safari ya takriban kilomita 500, haikukamilika mpaka taifa lilipokuwa limevuka miaka 50 ya Uhuru. Hakuna mbunge aliyeuliza mara moja akaipata. Iliulizwa na kizazi, ikaulizwa na kizazi kilichofuata.

Sasa twende Wajir.

Mkoa wa Kaskazini Mashariki, kama ulivyoitwa wakati huo, uliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari mara tu baada ya Uhuru. Vita vilivyoitwa vya shifta vilipiganwa tangu 1963 hadi 1967, lakini sheria zile hazikuondoka na vita. Zilibaki mpaka 1991. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasidaiwe kwa matendo yaliyofanywa wakati wa vita katika mkoa huo na wilaya za jirani. Fikirini juu ya hali hiyo, ninyi mliokulia Murang'a au Kakamega: mwananchi wa Garissa na mwananchi wa Nyeri walikuwa na bendera moja na wimbo mmoja wa taifa, lakini walipigwa na askari chini ya sheria mbili tofauti.

Tarehe 10 Februari 1984 vikosi vya usalama vilianza operesheni katika wilaya ya Wajir. Serikali ilisema lengo lake lilikuwa kukusanya bunduki na kukomesha mapigano ya koo. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kutoka makwao, wakapelekwa katika kiwanja kidogo cha ndege cha Wagalla, kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini Wajir. Humo walizuiliwa kwa siku kadhaa, juani, bila chakula wala maji. Wako waliopigwa risasi. Wako waliokufa kwa kipigo na kwa kiu. Miili mingine ilitupwa mbali nyikani.

Mnaotoka makanisani mtalitambua jina la Annalena Tonelli, mlei Mkatoliki kutoka Italia aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir. Mwanamke yule, pamoja na wenyeji waliokuwa Waislamu, alitoka kwenda kuwaokota waliokuwa bado na pumzi na kuwazika waliokwisha kata roho. Habari walizozikusanya zilivuka mipaka ya nchi. Baadaye alilazimika kuondoka Kenya, naye aliuawa mwaka 2003 huko Borama, Somaliland, akiwa bado katika kazi ile ile ya kuwahudumia wagonjwa. Namtaja hapa kwa sababu Bunge lisingepata hata chembe ya habari kama hapangekuwa na watu wa kawaida waliokubali kuhesabu.

Habari hizo zilifika Bungeni. Ahmed Khalif, Mbunge wa Wajir Magharibi, alisimama akalieleza Bunge kwamba mamia ya watu wake wameuawa, akataka serikali iseme kilichotokea. Tusisahau alisimama katika Bunge la namna gani. Lilikuwa Bunge la chama kimoja kwa nguvu ya sheria, tangu 1982. Hapakuwa na upande wa upinzani wa kumshangilia, wala chama kingine cha kukimbilia iwapo angetupwa nje ya kile kimoja. Wabunge wenzake walikuwa bado wanakumbuka Oktoba 1975, Jean-Marie Seroney na Martin Shikuku walipokamatwa katika majengo ya Bunge kwa maneno waliyoyasema ndani ya ukumbi, wakawekwa kizuizini.

Aliyejibu kwa niaba ya serikali alikuwa Justus ole Tipis, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais. Jibu lilikuwa hesabu: waliokufa ni watu 57.

Ningeomba tukae na hesabu hiyo kidogo. Waziri hakusema hafahamu. Hakusema uchunguzi unaendelea. Alitoa hesabu kamili, isiyo ya kukadiria, kana kwamba kuna mtu aliyepita kiwanjani akihesabu mwili kwa mwili. Hesabu iliyo kamili hufunga mdomo. Mbunge anaposema mamia na waziri anaposema 57, wasiofika Wajir humwamini mwenye hesabu iliyo nyoofu. Magazeti huchapa 57. Balozi huandika 57 katika barua yake. Mjane wa Wajir, ambaye mumewe na shemeji zake watatu hawakurudi, huambiwa kwamba katika daftari la taifa hao pengine hawamo.

Na bado nasema kwamba siku ile waziri alifanya kosa ambalo waliomtuma hawakuliona. Aliacha ushahidi. Kama angenyamaza, kungekuwa na kilio tu bila kitu cha kukipima. Lakini sasa palikuwa na jibu rasmi, lenye jina la waziri, mahali na hesabu, na kila mtu aliyejua zaidi alijua pia ni kitu gani hasa anachopaswa kukikanusha. Watu wa Wajir walianza kutaja majina, na majina yalizidi 57.

Ilichukua miaka 16. Katika miaka hiyo nchi ilibadilika. Mwaka 1991 kifungu kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kilifutwa, na uchaguzi wa 1992 ukarudisha wabunge wa upinzani Bungeni. Mwaka 1999 Katiba ilirekebishwa, Bunge likapata tume yake lenyewe ya kuajiri makarani wake na kusimamia fedha zake, badala ya kutegemea Ofisi ya Rais kwa kila kiti na kila kalamu. Oktoba 2000 suala la Wagalla liliulizwa tena Bungeni, na mara hii serikali ilikubali kwamba waliouawa walikuwa 380. Sisemi kwamba rekebisho la 1999 ndilo lililozaa jibu la 2000. Mambo ya namna hii hayana mzazi mmoja. Nasema tu kwamba swali lilikuwa lile lile, Rais alikuwa yule yule, na jibu halikuwa lile lile.

Kutoka 57 hadi 380! Kuna watu 323 ambao kwa miaka 16 serikali ya Kenya iliwahesabu kuwa hawakufa. Na hesabu haikuishia hapo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikwenda Wajir mwaka 2011 kusikiliza manusura, na katika ripoti yake iliyomfikia Rais Mei 2013 ilikataa hesabu ya 57, ikasema kwamba waliouawa yawezekana walikaribia 1,000. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta, akilihutubia Bunge, aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa madhila ya miaka iliyopita, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa ajili ya haki ya kuponya majeraha hayo. Lakini ripoti ya Tume ilikaa Bungeni miaka bila kufikishwa mwisho, na manusura wengi wamezikwa wakiwa na radhi mkononi bila kitu kingine. Radhi haijibu swali la nani aliyetoa amri.

Ahmed Khalif hakuiona siku ya radhi. Baada ya uchaguzi wa 2002 aliteuliwa kuwa Waziri wa Kazi, na Januari 2003, majuma machache tu baada ya kuapishwa, aliaga dunia katika ajali ya ndege huko Busia. Aliyeuliza alifika kwenye kiti cha wanaojibu, lakini hakupewa muda wa kukikalia.

Mtaniuliza, mambo haya yana faida gani kwetu leo, wakati mawaziri si wabunge tena? Yana faida, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu wengi wetu hatujui haki tulizo nazo.

Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri Bungeni, lakini haikuwatoa katika kuhojiwa. Kifungu cha 153 kinamtaka waziri afike mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti anapohitajika, na ajibu swali lolote juu ya kazi aliyokabidhiwa. Kifungu cha 125 kinazipa kamati hizo uwezo wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu yeyote na kudai hati. Kuanzia 2013 maswali yalipelekwa katika kamati, na wabunge wengi wakalalamika kwamba sauti yao imefichwa vyumbani. Mwaka 2023 kanuni zilibadilishwa, mawaziri wakaanza kuja ukumbini wenyewe kujibu mbele ya wabunge wote na mbele ya kamera.

Wengi waliishangilia hatua hiyo. Mimi naipokea kwa tahadhari. Ukumbini waziri huonekana na taifa zima, na hilo ni jema. Lakini ukumbini dakika ni chache, na waziri fasaha aweza kuzimaliza kwa salamu na sifa. Katika kamati waweza kumweka saa tatu, ukamwambia alete mkataba, alete orodha ya malipo, aje na mhandisi. Ningekuwa na swali juu ya siasa ya serikali, ningetaka liulizwe ukumbini. Ningekuwa na swali juu ya kisima kilicholipiwa na hakikuchimbwa, ningelipeleka kamatini.

Na swali lenyewe liandikweje? Acheni kumwuliza waziri kama anafahamu. Mwulizeni kiasi gani, wapi, lini, na nani aliyetia sahihi. Msimpe nafasi ya kukataa kipande cha kwanza ili aviangushe vyote. Mbunge wenu ana mambo mengi na makarani wachache. Mkimpelekea malalamiko atatoa hotuba, mkimpelekea swali lililokamilika, lenye jina la kata na mwaka wa bajeti, atakuwa na jambo la kusimama nalo. Kama hataki, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi moja kwa moja. Na kama mnataka hati kabla ya kuuliza, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu, na saa 48 tu ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu.

Kisha, jibu likitoka, lichukueni. Hapa ndipo tunaposhindwa. Tunasikia redioni kwamba waziri amejibu, tunapiga makofi au tunaguna, halafu basi. Kila kikundi kiwe na daftari. Iandikwe tarehe, waziri, swali, ahadi, na siku aliyosema itatimizwa. Lisomwe baada ya ibada, lisomwe msikitini, lisomwe katika baraza, tena kwa lugha ya watu. Kiswahili kimeruhusiwa Bungeni tangu 1974, lakini maswali mengi huandikwa kwa Kiingereza na majibu hurudi kwa Kiingereza, na mzee aliyeulizwa habari za ng'ombe wake hajui kwamba amejibiwa.

Nitaje jambo moja la kuanzia. Kifungu cha 204 cha Katiba kiliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, ili itumike kwa maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma, mpaka ziwe sawa na nyinginezo. Ndiyo kusema, Katiba ilikubali kwamba Waraka wa 1965 uliwadhulumu watu. Kaunti 14 zilitajwa katika awamu ya kwanza, Wajir ikiwa mojawapo, pamoja na Turkana, Mandera, Garissa, Marsabit, Tana River, Lamu na Kwale. Fedha zilichelewa, miongozo ya kuzitumia ikabatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2019, na miaka ikapita. Februari 2025 Rais alitangaza kuondolewa kwa ule msasa wa ziada ambao vijana wa kaunti za mpakani walipitia kabla ya kupewa kitambulisho; ni jambo la kushukuru, ila kitambulisho hakichimbi kisima.

Hazina hiyo ilipewa miaka 20 tu. Itakoma Agosti 2030, isipokuwa Bunge litunge sheria ya kuiongezea muda, na Bunge litakalokuwapo siku hiyo ni lile litakalochaguliwa 2027. Waziri wa Fedha anapaswa kuulizwa, kaunti kwa kaunti, ni shilingi ngapi zilistahili kuingia katika Hazina tangu 2010, ni ngapi ziliingia, na ni mradi gani uliokamilika katika kata gani. Tuna karatasi na kalamu hapa mezani. Kila kikundi kiandike swali lake kabla ya chakula cha mchana, na baada ya chakula tutayasoma yote kwa sauti, tuone lipi waziri anaweza kulikwepa.